Nyumba Juu ya Pikapu

Liège, 11 Agosti 2024

Mjomba wangu Massoudi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo tantine Mwanvua na wote wa hapo Kinama, Bujumbura. Mwambie tantine kile kitenge alichonitumia nimekishona. Nakivaa siku za mapumziko, na wazungu wananiuliza leo ni sikukuu gani. Mimi sijambo, ila mgongo. Kazi yangu unaijua: nawageuza wazee wa watu vitandani, nawaosha, nawalisha. Nikirudi chumbani namfikiria mama yangu, nani anamgeuza yeye.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako ni ya karakana nzima. Ujumbe wangu ukiusikiliza wewe, wanausikiliza na mafundi wako, na kabla jua halijazama mama ameshaambiwa kule Buterere. Hili sitaki alijue mapema.

Mwezi wa nne, maji yalipoingia kwake, jirani yake Népomuscène aling'oa mlango wa nyumba, akamlaza mama juu yake, wakambeba yeye na wanawe. Nimeona picha. Tangu apatwe na kiharusi mama yangu hawezi kumkimbia hata kuku, sembuse maji. Nimemwomba ahame, akiache kile kiwanja, anasema, "Mi nikitoka mu parseli, kesho watasema ni ya bure." Masika mengine yanakuja, mjomba, na safari hii milango imekwisha.

Hapa kuna bibi mmoja niliyekuwa namhudumia. Marehemu mumewe alikuwa na nyumba ndogo ya kupachika nyuma ya pikapu. Ni ya zamani, ya miaka ya tisini, urefu wake mita mbili na kitu, ila ni nzima. Ndani ina kitanda, meza, jiko na kabati. Wakati wa safari paa linalala. Ukisimama unazungusha mpini, paa linapanda, kuta za turubai zinanyooka, na mtu anasimama wima humo ndani. Bibi amenipa.

Wewe una pikapu. Nimewaza tuipachike hapo, ikae kwenye parseli ya mama, naye alale humo. Maji yakija unawasha gari, nyumba inaondoka naye. Nipimie bodi ya nyuma ina urefu gani, na uangalie kwenye kibao cha mlangoni gari limeruhusiwa kubeba kilo ngapi.

Au basi, mjomba, je, mama hawezi kukaa kwako? Najua kuna mambo kati yenu. Nauliza tu.

Mwanao,
Houda

*

Kinama, 15 Septemba 2024

Mpwa wangu Houda, binti wa Ulaya,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Barua yako Bonfils ameileta ndani ya soksi, kwa hiyo imenifikia na harufu yake. Huyo kijana anasafirisha injini kutoka huko kwenu, lakini begi la heshima hana. Sisi wazima, alhamdulillah. Mwanangu Moubarak ameoa, amehamia Rumonge, nyumba imepoa. Mazutu hakuna. Magari yamepanga mstari kituo cha mafuta mpaka madereva wamefahamiana kama wakwe. Ungeleta nyumba kumi za namna hiyo ungepata wapangaji palepale kwenye mstari.

Mama yako nilimwona juzi. Mkono umelegea kidogo lakini mdomo uko imara. Alinitazama tumbo, akasema, "We Massoudi, unakula za nani?" Ndiyo salamu aliyonipa.

Habari ya nyumba: lete. Mimi na chuma tumezoeana tangu hujazaliwa. Bodi ya pikapu yangu nimeipima, mita moja na nusu na kidole, maana ni ya kabini mbili. Wewe unasema nyumba ina mita mbili na kitu. Itazidi nyuma kidogo. Hapa Buja kitu gani hakizidi nyuma? Angalia baiskeli za ndizi zinavyoshuka mlimani. Kibao cha mlangoni kilifutika kabla sijalinunua gari, lakini gari hili limebeba saruji, mchanga, na ng'ombe wawili wa Idi wakiwa hai na hasira zao, halijawahi kulia. Usijitese na kilo.

Tantine wako anakusalimu sana, anauliza utaolewa lini. Mimi sikuulizi.

Mjomba wako,
Massoudi

*

Liège, 27 Oktoba 2024

Mjomba wangu,

Assalaam alaykum. Nimefurahi mko wazima, na hongera za Moubarak, mke ni nusu ya dini. Mwambie tantine nitaolewa mazutu yakipatikana. Huku baridi imeanza. Safari ya kuja nyumbani imeshindikana tena, kazi imebana.

Nyumba imeondoka. Imo ndani ya kontena la Bonfils, imezungukwa na injini na magodoro, na itapitia Dar es Salaam. Anasema mwaka mpya utaikuta Buja, inshallah.

Sasa nisikilize, na uniwie radhi kama nakufundisha kazi yako. Ubavuni mwa nyumba, karibu na chini, kuna mshale mdogo mwekundu. Pale ndipo uzito wote unapokaa. Ukiipandisha garini, mshale lazima uwe mbele ya ekseli ya nyuma. Ukiwa nyuma yake, nyumba itaning'inia kwenye mkia wa gari, magurudumu ya mbele yatakuwa mepesi, na shasi itakunjwa kwenye kila shimo. Nimemwuliza fundi wa hapa anayezifunga nyumba hizi. Anasema kabini mbili na bodi fupi ndiyo ndoa mbaya kuliko zote. Ndani ya kabati la jiko wamebandika uzito: kilo mia sita ikiwa tupu. Tupu, mjomba. Ukiifunga, lipeleke gari kwenye mzani wa malori, halafu uniandikie. Kama mshale haukubali, niambie, tutafikiri jingine.

Swali langu moja hukulijibu. Labda mwandiko wangu haukusomeka. Nyumba yako iko juu, haijaingia maji hata mara moja, na chumba cha Moubarak sasa kina nafasi. Mama amekuzidi miaka mitano tu, mlinyonya ziwa moja. Ni nini, mjomba?

Mwanao,
Houda

*

Kinama, 12 Januari 2025

Mpwa wangu Houda,

Assalaam alaykum, na heri ya mwaka. Hatujambo, ila tantine wako meno, na mimi goti. Samahani nimekawia kukujibu, nilitaka niwe na la kusema, na leo ninalo.

Nyumba imefika! Bonfils aliishusha hapa karakana na Kinama nzima ikaja. Nilipozungusha mpini na paa likaanza kupanda, watu walipiga kelele kama goli limeingia. Mzee mmoja alitaka kujua kama inashuka tena au ndiyo imekwisha hivyo. Nikaishusha, nikaipandisha, nikaishusha, mpaka tantine akaniambia nitaivunja kabla mwenyewe hajaiona.

Kuifunga kulitutoa jasho. Tuliiinua kwa kriki nne, jeki za malori, nikarudisha gari chini yake, tukaishusha taratibu. Ilipokaa, mkia ukazama na taa za mbele zikatazama mbinguni. Hapo mtu wa kuogopa angekata tamaa. Mimi nilifungua resori, springi za nyuma, nikaongeza lamu, vile vyuma bapa, mbili kila upande, zile ngumu za lori. Sasa gari limesimama. Limesimama sawasawa, Houda, ungeweka glasi ya maji juu ya paa isingemwagika. Hapa kwetu fundi anaangalia gari likisimama, basi, limekubali.

Tena nimeitengeneza. Madirisha niliyatia nondo, maana Buterere wezi wako. Nyuma nimechomelea ngazi ya chuma ili mama yako apande kwa kushikwa. Nikaipaka rangi ya kijani, na ubavuni fundi wa maandishi akaandika MAMA HOUDA kwa njano. Kale kamshale kamepotea chini ya rangi, kalikuwa kanaharibu sura.

Mama yako tulimpandisha jana. Alikaa kitandani, akashika kila kitu, akalia, akasema, "Houda wangu amenijengea nyumba ya kutembea. Sasa maji ikuje, tutaona." Wanawake wa mtaa walipiga vigelegele. Nilijisikia mtu.

Tantine wako aliizunguka, akaingia, akatoka. Jikoni akasema, "Iko nzuri. Lakini mutu mukubwa unamulaza mu gari?"

Mjomba wako fundi,
Massoudi

*

Liège, 9 Februari 2025

Mjomba wangu,

Wa alaykum salaam. Pole kwa goti, na tantine pole kwa meno. Picha nimeziona, na mama amenitumia sauti, anaimba, na vigelegele vinasikika nyuma yake. Sijamsikia akiimba tangu baba alipofariki. Asante, mjomba. Nasema asante kwanza ili ujue naijua kazi uliyoifanya.

Lakini picha niliikuza mpaka ikapasuka. Gurudumu la nyuma liko pale, na mlango wa nyumba uko mbali huko, karibu mita nzima hewani. Mshale ulikuwa wapi kabla hujaupaka rangi? Nijibu hilo tu. Nilimwonyesha picha yule fundi. Hakucheka. Alisema lamu zinainua gari lakini haziongezi nguvu ya shasi. Zamani lilikuwa linakuonya kwa kuzama, sasa umelinyamazisha. Alisema litakatika nyuma ya kabini. Aliweka kidole kwenye picha na kunionyesha mahali.

Nakuomba mambo matatu. Toa nondo na ngazi. Peleka mzanini. Na gari likitembea, mama asikae nyuma, akae mbele na wewe hata kama mguu unamuuma.

Na la nne, ambalo ndilo la kwanza. Mvua zimekaribia. Mwite kwako mpaka ziishe. Yeye hatakuja bila kuitwa, unamjua. Neno moja tu, mjomba.

Mwanao,
Houda

*

Kinama, 16 Machi 2025

Houda,

Wa alaykum salaam. Ramadhani imetukuta wazima. Tunafuturu uji na sambusa. Tantine wako anampelekea mama yako bakuli kila jioni kwa mtu wa baiskeli, na bakuli linarudi limeoshwa.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena nikiwa nimefunga, na swaumu yangu nusura iharibike. Huyo fundi wako wa kidole kwenye picha amewahi kupita barabara ya Buterere? Mimi nimechomelea shasi za malori yanayokwenda mpaka Uvira na kurudi. Nikisema limesimama, limesimama. Nondo sitoi, juzi tu wameiba sufuria za Népomuscène.

Mama yako amehamia humo kabisa. Magunia ya mpunga ameyaweka chini ya meza asije akaloanishiwa, makaa yako mlangoni, na kinu chake pia, maana anasema hawezi kukiacha nje kama mbwa. Namwambia apunguze, ananiuliza, "Hii nyumba ni yako ao ya Houda?" Basi naviacha.

Hilo jingine umeliuliza mara tatu, nitalijibu mara moja. Siku ya hitima ya mama yetu, mbele ya masheikh na watu wamekaa, dada yangu Khadidja alisema mimi natawaliwa na mke. Watu walicheka. Miaka sita hii hajayarudisha maneno yale. Mlango wangu haujafungwa. Mwenye miguu aje. Najua utasema hana miguu. Ana mdomo, aseme tu nataka kuja. Nasikia naye anasema atakuja siku atakapoitwa kwa mdomo wangu. Basi tutaona.

Saumu njema,
Massoudi

*

Kinama, 27 Aprili 2025

Mwanangu Houda,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini uko mzima na kazi inakwenda. Sisi tupo. Tantine yupo. Watoto wapo.

Najua umeona habari za maji, na simu yangu hupati. Ilizama. Nakuandikia haraka, Bonfils anasubiri.

Jumatatu asubuhi mto ulimwaga maji kwenye mashamba ya mpunga, na Népomuscène akamtuma mwanawe anifuate. Nilikwenda mbio. Nilipofika maji yalikuwa magotini na mama yako yuko juu kitandani, mkavu, anacheka, anawapungia watu dirishani. Nilimwambia ahamie mbele. Akasema mguu haukunji, na hataki kuloana, yuko kwake. Sikubishana naye. Nilishusha paa, nikafunga mlango, nikawasha gari. Usukani ulikuwa mwepesi mkononi kama wa mchezo. Nilidhani ni maji.

Kwenye bonde, pale njia inapokata mfereji wa mpunga, nilisikia mlio mmoja. Haukuwa mkubwa. Kabini ilibaki imesimama na nyuma kukaanguka. Shasi ilikatika nyuma ya kabini, Houda. Nyumba ilikaa kitako ndani ya mfereji, na mlango wake uko nyuma, ukazama kwenye tope. Madirishani kuna nondo zangu. Nilizivuta. Nilizichomelea vizuri, hazikutoka. Mama yako alikuwa ndani ananiita jina langu la utotoni. Népomuscène alipanda juu, wakalinyanyua paa kwa mikono wanaume wanne, akapasua turubai kwa mundu wa kuvunia, tukamtoa kwa hapo. Maji yalikuwa yamemfika kifuani, na alikaa humo muda mrefu.

Tulimfikisha hospitali. Alipata ubaridi wa mapafu. Sasa amepumzika, amefunikwa vizuri, hasikii baridi tena. Anakusalimu.

Usikae peke yako siku hizi. Yule mwenzako Sephora, wa kwa akina Christa wa Carama, bado mnaishi karibu? Nimewaambia watu wao wamsalimie.

Mjomba wako,
Massoudi

*

Liège, 18 Mei 2025

Mjomba,

Wa alaykum salaam. Natumaini mko wazima.

Barua yako imenifikia jana. Sephora alikuwa ameshakuja zamani. Alikuja Jumamosi ile na mama yake mzazi na sufuria ya wali, wakakaa, wakazungumza habari za bei ya mchele, wakakataa kuondoka. Nilipomwona mama mtu anavua viatu na kuchukua simu yangu, nilijua. Hakuna aliyesema. Mimi ndiye niliyewaambia wao: mama amekufa. Ndipo wakalia.

Sikulaumu kwa hilo. Kwetu mtu haambiwi akiwa peke yake, na mimi nimewahi kwenda kukaa hivyohivyo kwa wengine, na sufuria yangu. Lakini ulimzika Ijumaa baada ya swala, na barua umeiandika Jumapili. "Anakusalimu." Nimeisoma hiyo sehemu mpaka karatasi imelegea. Amenisalimu kutoka wapi, mjomba?

Nina hasira na wewe na sitaificha. Nina hasira na mimi pia. Nilituma kitu ambacho mtaa mzima ungekiona na kusema kimetoka kwa Houda. Vigelegele vile nilivisikiliza nikifua, nikipika, nikienda kazini. Na kuja sikuja, na sababu unaijua, sina haja ya kuiandika. Nikitoka huku sirudi.

Nina maswali mawili, na safari hii nijibu. Siku ile, ulipowasha gari, ulikuwa unampeleka wapi? Na kabla ya siku ile, ulimwita?

Houda

*

Kinama, 22 Juni 2025

Mwanangu Houda,

Wa alaykum salaam. Arobaini ya mama yako tuliisoma hapa uani kwangu. Watu walikuwa wengi, wa Buterere walikuja kwa miguu. Tantine wako amekonda. Mimi goti ni lilelile.

Nakujibu.

Nilikuwa nampeleka Carama, kando ya barabara, pale palipoinuka karibu na shule. Nilikuwa nimekwisha kuomba nafasi ya kusimamisha gari. Ili kufika Carama ningepita mbele ya lango langu. Nilishapanga nitapita bila kusimama, na kama yeye angegonga ukuta na kusema, "Massoudi, tuingie," ningeingia. Nilikuwa nimeamua nisikilize kama atagonga. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani wakati maji yanapanda.

Usiku wa matanga nilimwambia tantine wako, "Najua hukumtaka Khadidja hapa." Aliweka chini sahani alizokuwa amebeba. Akasema, "Mi? Chumba ya Moubarak nilisafisha tangu mwezi wa kumi. Kitanda iko pale, na ndoo yake, na mukeka. Mi nilikuwa nangoja umulete. Ningemuita mi, wangesema namutaka sababu ya parseli yake. We ndiye ndugu yake." Nilikwenda nikaangalia. Kweli. Nilikuwa napita mlango ule kila siku na sikuufungua.

Gari nimelikata, nimeuza chuma. Nyumba yako tuliivuta kutoka mferejini, nikaileta hapa uani kwangu, nikaikalisha chini juu ya matofali. Sikujua niifanye nini. Dévote, mjane wa Buterere ambaye maji yalimchukulia nyumba, alikuja kuomba alale humo na wanawe siku mbili tatu. Bado wako. Niling'oa nondo, nikashona turubai, paa linapanda. Iko kavu. Mvua ya mwisho ya mwezi wa tano ilinyesha mpaka asubuhi na hawakuingiwa na tone. Tantine anawapikia, na jioni nawasikia wanacheka humo ndani.

Nilikaa kwenye benchi nikaitazama, Houda, nikaona ilivyo nzuri ikiwa chini. Haikuhitaji gari. Haikuhitaji lamu wala mshale wala mzani. Hata yenyewe haikuhitajika.

Sikumwita. Umeuliza, nami nimejibu. Mwaka huu nilikwenda kwa dada yangu mara nyingi kuliko miaka yote sita, na kila nilipokwenda nilikuwa na spana mkononi.

Mjomba wako,
Massoudi